Wimbo wa kuachana baada ya miaka 11: jibu kwa mwimbaji wa Malindi

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwimbaji, niko Malindi, naimba na bendi kwenye mahoteli ya ufuoni. Mwaka jana tuliachana na mume wangu baada ya miaka 11 na watoto wawili, na talaka tukaimaliza kwa Kadhi. Yeye ni nahodha, hupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari kuangalia matumbawe. Nimetunga wimbo wa polepole juu ya kuachana kwetu. Nikiuimba nalia mwenyewe, lakini watu wanaangalia simu zao. Prodyuza ananiambia tutie mdundo wa chakacha ili uchangamke, na fidla ya taarabu juu yake. Dada yangu anasema naianika nyumba yangu. Tena mahadhi ya kiitikio ni yale aliyokuwa akiyapiga yeye kwa gitaa jioni, sijui kama nina haki nayo. Nimekutumia maneno na rekodi ya simu. Kasoro iko wapi? Unisamehe kwa kukuandikia usiku huu. Mpaka leo bamvua, yale maji makuu ya bahari, likifika silali, nahesabu maji, na wala sina mtu baharini.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Rekodi yako nimeisikiliza kwanza bila kuyatazama maneno, kisha nikayasoma maneno bila kusikiliza. Sauti unayo na pumzi unazo. Mahadhi ni mazuri, na hayo ya kiitikio nitayarudia baadaye kwa kuwa yana mambo yake. Kasoro iko kwenye maneno, na dawa yake umeiandika wewe mwenyewe, ila umeiweka kwenye kuomba samahani mwisho wa barua badala ya kuiweka kwenye wimbo.

Tuanze na ulichotunga. Ubeti wa kwanza unaeleza alivyokuwa akirudi usiku wa manane na visingizio. Wa pili unamgusa mwanamke mwingine, kwa kiasi ambacho mtu anayeujua mtaa wenu atamtambua. Wa tatu ni wa mama mkwe. Kiitikio ni hiki:

Umenidanganya sana, miaka kumi na moja
Nenda zako sikutaki, moyo umeshanivunja

Mizani imekaa, nane kwa nane, na sikio halikwami popote. Lakini hii ni hati ya mashtaka. Umemsimamisha mtu kizimbani, umemsomea makosa yake moja baada ya jingine, na kiitikio ndiyo hukumu. Mtu aliyekuja hotelini kula samaki wake amefanywa hakimu bila kuombwa. Na mwenye akili zake akisikia upande mmoja tu hujiuliza: na huyo mwenzake anasemaje? Swali hilo likishamwingia, machozi hayamtoki tena, na hapo ndipo mkono unapoenda kwenye simu. Kesi yenu ilisikizwa kwa Kadhi ikaisha. Usiifungue upya mbele ya meza za wageni.

Sisemi hasira isiimbwe. Mipasho ina wenyewe na ina raha yake, na penzi la miezi mitatu likivunjika hata mimi nitakwambia mwimbie vijembe umalize, kwani hapo hujapoteza zaidi ya mtu. Miaka 11 ni habari nyingine. Mtu anapoondoka kwenye nyumba ya miaka 11 hawezi kuondoka na kila kitu chake, hata akibeba masanduku yote. Sikio lako bado linamsikiliza. Mkono bado unapima unga wa watu wanne. Talaka humfikia mtu, lakini mazoea hayapelekewi karatasi. Wimbo wa penzi refu lililokwisha ni wimbo wa mazoea yaliyobaki bila mwenyewe, na yote nitakayokwambia hapa, ya maneno na ya muziki, yametoka hapo.

Sasa soma tena mstari wako wa mwisho. Unahesabu maji, na wala huna mtu baharini. Umeuandika kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa kulala, na ndio wimbo wenyewe.

Fikiria kilichomo ndani yake. Safari za kuangalia matumbawe hufuata maji. Yakipwa ndipo wageni wanapoona vizuri, kwa hiyo saa ya chombo kutoka na saa ya kurudi hazitulii. Maji huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukipevuka huja bamvua, katikati yake huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Mke wa nahodha kwa hiyo hafuati saa ya ukutani. Analazimika kuujua mwezi, na wewe umeujua kwa miaka 11 mpaka umekuingia mwilini. Leo hakuna chombo unachokingoja, na mwili bado unafanya hesabu. Msichana wa miaka ishirini aliye studio ya Nairobi hawezi kuutunga wimbo huo hata akipewa mwaka mzima. Anaweza kutunga “umenidanganya sana” kabla chai haijapoa.

Nikuonyeshe kwa mfano. Mizani ni ile ile yako:

Maji yajaa na kupwa, bado nahesabu saa
Sina chombo baharini, mbona nimewasha taa

Hapa hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna hata “wewe” ndani yake. Msikilizaji haombwi kuamua lolote. Anaachiwa aone mtu ameamka usiku na taa inawaka bila sababu. Kila mtu mzima aliyewahi kuishi na mwenzake ana taa yake ya namna hiyo, na ataiona hiyo yake wakati wewe unaimba yako. Mistari hii nimeiweka kwa kukuonyesha njia. Wewe utapata bora, kwani ni wewe uliyekuwa ukilala sikio likiwa ufuoni.

Lakini kuna hatari ambayo lazima uizibe mapema. Huku kwetu Lamu, mwanamke aliyewasha taa akingoja chombo kisichorudi ni mjane. Ukiimba hivyo tu, Lamu nzima itadhani mumeo amezama, na watu watakuja kukupa mkono wa tanzia. Ubeti wa pili ndio unaopaswa kuonyesha kwamba yuko hai, yuko mjini, ni mzima wa afya. Usiseme “tumeachana”; mweke mbele ya macho. Kwa mfano:

Nimekuona sokoni, kwa shati nisilojua

Basi. Kwa miaka 11 hakuvaa shati usilolijua, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukilifua na kulianika. Sasa liko moja, jipya au la kupewa, haidhuru. Yule mwanamke mwingine uliyemtengea ubeti mzima amemalizika katika mizani nane bila kutajwa, wala hakuna atakayeweza kudai kwamba umemsema. Sikiliza pia kilichotokea: kwenye kiitikio hakukuwa na “wewe”, na hapa “wewe” imetokea mara ya kwanza, katikati ya wimbo. Ichelewe hivyo hivyo. Ikitangulia mwanzoni tumerudi kizimbani.

Ubeti wa kwanza uwe wa vitu vya usiku mmoja, tena usiku huo huo wa bamvua: komeo la mlango, godoro, upande unaolalia, sauti ya maji. Usitoke nje ya nyumba. Watunzi wengi wakipewa miaka 11 wanataka kuiimba yote, tulipokutana, tulipooana, mtoto wa kwanza, ugomvi wa kwanza, na wimbo unakuwa wasifu wa marehemu. Usiku mmoja unatosha. Miaka mingine yote itajileta yenyewe kwa neno “bado”.

Hapo na neno la dada yako linapata jibu lake. Ana haki nusu. Wimbo wa sasa kweli unaianika nyumba, na si yako peke yako, maana watoto wawili watakuwa nao. Wimbo ukishapakiwa kwenye mtandao, mwanao atausikia kwenye simu ya mwenzake. Lakini dada akidhani dawa ni kunyamaza, hapo tunaachana. Wanawake wa pwani hawajawahi kunyamaza. Wanavaa kanga yenye jina lake, wanapita barazani, na aliyekusudiwa anasoma mwenyewe. Ushairi wetu umelelewa kwenye fumbo kwa sababu hiyo hiyo: mji ni mdogo, watu ni ndugu, na kesho mtakutana tena kwenye harusi moja. Ukiwa na maji na taa na shati, umesema yote na sitara ipo. Mwimbie dada huo mpya jikoni, bila ala yoyote, akiwa anakuna nazi. Akiacha kukuna, umepata wimbo.

Nikutolee mfano wa mbali, ambao huenda umewahi kuuimba mwenyewe hotelini, maana wageni wa Ulaya huuomba: “The Winner Takes It All” wa ABBA, kundi la Sweden, wa mwaka 1980. Björn Ulvaeus na Agnetha Fältskog walikuwa mke na mume tangu 1971, na mwanzoni mwa 1979 ikatangazwa kwamba wanaachana, wakati kundi likiendelea na kazi. Mahadhi alitunga Björn pamoja na Benny Andersson. Maneno aliandika Björn, mwanamume. Aliyepewa kuyaimba ni Agnetha, mke aliyeachana naye. Björn mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kisa cha ndani ya wimbo si chao neno kwa neno, na kwamba katika talaka yao hakukuwa na mshindi. Maumivu aliyatoa nyumbani, kisa akakitunga.

Ninachotaka ukione ni namna mwanamke wa wimbo ule anavyoongea. Anaanza kwa kusema hapendi kuyazungumza mambo hayo. Ana adabu. Hatukani. Anamtazama mwenzake kwa mbali kidogo, na ile adabu ndiyo inayomchoma anayesikiliza, kwani tunajua inavyomgharimu. Na mahadhi yake ni haba ajabu: vipande viwili vifupi, vinavyoshuka, vinapokezana tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachokua ni ala na nguvu ya sauti. Mtu aliyekwama kwenye wazo moja huwa hivyo hivyo, analizungusha tu. Wewe umeweka mahadhi manne tofauti kwenye wimbo mmoja. Toa mawili.

Na usidhani kumpa mwingine maneno yako ni jambo la Wazungu. Juma Bhalo, mzaliwa wa huko huko kwenu Malindi, aliimba mashairi mengi ya ndugu yake Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu, alishika udi, ile ala ya nyuzi, akaimba mashairi ya Ahmed Nabhany. Mtunzi na mwimbaji kuwa watu wawili ni desturi yetu ya zamani, na ina faida moja kubwa: anayeimba hazami, kwa kuwa kilio si chake. Wewe ni mtunzi na mwimbaji kwa pamoja, basi jigawe. Ukiwa na kalamu, lia utakavyo. Ukishika maikrofoni, yaimbe kama maneno uliyopewa na mtu mwingine.

Nasema hivyo kwa sababu nimesikia kwenye rekodi sauti inavyokukatika. Machozi yakija, koo hubana na pumzi hupanda juu kifuani, na noti ya juu haitoki hata kwa aliyefundishwa. Isitoshe, mwimbaji akilia yeye, wasikilizaji huona ameshalia kwa niaba yao. Kwanza yaseme maneno kwa sauti ya kawaida, kama unamweleza jirani. Ukiweza kuyasema yote bila kukwama, yaimbe kwa noti moja tu. Kisha ndipo uyarudishe kwenye mahadhi. Shusha ufunguo pia, yaani kimo cha wimbo wote, kwa noti nzima moja. Unauimba juu mno, kama mtu anayegomba.

Sasa muziki. Rekodi yako inakwenda kwenye mapigo 92 hivi kwa dakika. Nyimbo nyingi za aina hii hukaa kati ya 60 na 80, na huu wako ungekaa vizuri kwenye 68. Nimepiga hesabu: ukiimba mizani nane, kila silabi nusu pigo, nusu mstari wako unachukua sekunde tatu na nusu, yaani kipande kimoja cha mapigo manne. Kipande kinachofuata usiimbe kitu. Acha kinanda kijibu. Mtu anahitaji nafasi ya kuiona hiyo taa kabla hujamletea jambo jingine. Kwenye rekodi umeijaza kila nafasi kwa “ooh” na “yeah”, ambazo nadhani umezizoea kwa wageni. Ondoa zote.

Kwa mwendo huo, vipande 60 vinakupa dakika tatu na nusu, na redio haitalalamika. Ningevigawa hivi: vinne vya kufungua, 16 vya ubeti wa kwanza, vinane vya kiitikio, vinane tu vya ubeti wa pili, kiitikio tena, vinne vya daraja la ala tupu, kiitikio cha mwisho, na vinne vya kufunga. Ubeti wa pili ni nusu ya wa kwanza kwa makusudi. Shati likishatajwa huna la kuongeza. Wanamuziki wenzako watakwambia beti zilingane. Waambie wasubiri wasikie.

Mkono wa kushoto wa kinanda kwenye ubeti ushuke: do, ti, la, so, hatua moja kwa kila kipande, kisha uanze upya. Besi inayoshuka hatua kwa hatua imebeba nyimbo za majonzi tangu karne ya 17 huko Ulaya, na sikio la leo linaielewa bila kufundishwa. Kwenye kiitikio iache besi itulie kwenye fa na do, isitembee, ili mtu ahisi amefika mahali na amekaa hapo. Kuhusu mahadhi, “yajaa” yapande na “kupwa” yashuke, ndiyo, kila mtu angefanya hivyo, ila yapande kidogo tu. Noti ya juu kabisa ya wimbo iweke akiba, itokee mara moja, kwenye “taa” ya mwisho.

Na hilo lina sababu ya koo. Kwenye rekodi noti yako ya juu na ndefu imeangukia “ki” ya “sikutaki”. Kuna makosa mawili hapo. Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, siku-TA-ki. Ukiivuta “ki”, neno linasikika kama limesemwa na mgeni. Halafu irabu “i” hufunga kinywa, na juu huko sauti inakuwa nyembamba, inachoma sikio. “Saa” na “taa” zina mkazo kwenye “a” ya kwanza na “a” nyingine inaifuata, kwa hiyo unaweza kuivuta upendavyo na neno likabaki neno. Ukitunga kiitikio chako, anza kwa kutafuta maneno ya kukaa pale juu, yaliyo na “a” au “o” mahali pa mkazo, kisha urudi nyuma kuijaza mistari.

Wako watakaokushauri kiitikio cha mwisho ukipandishe ufunguo, kama zilivyofanya nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ya 1980 na 1990. Usikubali. Ufunguo ukipanda, msikilizaji anahisi kuna ushindi, kuna mlango umefunguka, na hapa haujafunguka mlango wowote. Fanya kinyume: kiitikio cha mwisho toa ngoma, toa besi, baki wewe na kinanda.

Chakacha je? Prodyuza wako si mjinga, ameona watu wamelala na anataka kuwaamsha. Lakini chakacha ni mdundo wa 6/8 wa harusi, wa kiuno, na kila mwanamke wa pwani anaposikia mapigo yale mwili unakumbuka ukumbi na nguo za sare. Unataka kuagana kwa mdundo wa kuolewa? Kuna siku mtu atafanya hivyo kwa kejeli na atatoa wimbo mkali sana, tena mimi nitakuwa wa kwanza kuununua. Si wimbo huu. Kama prodyuza anang'ang'ania ngoma, mpe burashi kwenye sinia la ngoma, kuanzia kiitikio cha pili, na asiguse kitu kingine.

Fidla naikubali kwa sharti. Wapigaji wetu wa taarabu wakisikia huzuni, vidole huenda vyenyewe kwenye bayati, mojawapo ya ngazi za Kiarabu, na noti ya pili ya bayati iko katikati ya noti mbili za kinanda cha kawaida. Kinanda chako hakina sauti hiyo. Vikipigwa pamoja, kila kimoja kinakifanya kingine kisikike kimepotoka, na watu watasema fidla haikukazwa vizuri. Mwombe mpigaji abaki kwenye nahawandi, ngazi nyingine ya Kiarabu, ambayo inakaribiana na ngazi ya maina (minor) ya Kizungu, na umwite kwenye vile vipande vinne vya daraja tu, pale usipoimba. Akitaka kurembesha zaidi ya hapo, mshukuru umpe chai.

Pa kuuimba: si hotelini, kwa sasa. Watu wanaokula hawausikii ubeti wa pili, na wimbo huu umeegemea ubeti wa pili. Uanze kwenye mikusanyiko ya wanawake, na baadaye kwenye usiku wa muziki ambao watu wamelipa kusikiliza. Hotelini utaurudisha ukishajulikana, na hapo wageni watauomba wenyewe hata bila kujua Kiswahili.

Limebaki suala la mahadhi ya kiitikio, yale ya gitaa la jioni. Mimi ni mtu wa muziki, si wakili, lakini hili limewagusa wanafunzi wangu zaidi ya mara moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka kazi ya muziki iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika kabla haijalindwa. Ikiwa alikuwa akiyapiga tu barazani na hakuwahi kuyarekodi popote, huenda kisheria hana pa kushikia. Ikiwa iko video ya simu, hata ya kwenye sherehe ya mtoto, mambo yanabadilika.

Hata hivyo mimi ningemwomba. Wimbo unaokataa kumshtaki mtu hauwezi kumwibia mahadhi. Usimpigie wewe, wala usipeleke ujumbe kwa watoto. Mtume mjomba wako au mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, aende na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: maneno ni ya fulani, mahadhi ya kiitikio ni ya fulani, mapato ya utunzi yagawanywe hivi. Desturi iliyozoeleka ni nusu kwa maneno na nusu kwa muziki, na kwa kuwa muziki wa beti ni wako, yeye atastahili kipande tu cha hiyo nusu ya pili. Robo ya wimbo wote haitakuwa dhuluma kwa yeyote. Itieni sahihi nyote wawili, kisha wimbo usajiliwe kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kupakiwa mtandaoni. Mzee ampelekee na maneno mapya ayasome. Naamini akiona hakuna jina lake wala aibu yake humo, mkono wake utakuwa mwepesi.

Akikataa, usigombane naye. Umetunga kwa mizani nane kwa nane, na maneno ya kipimo hicho hayafungwi na mahadhi mamoja. Ndivyo mashairi yetu yalivyoweza kuimbwa na huyu hivi na yule vile. Chukua mahadhi yoyote ya shairi unayoyakumbuka tangu utotoni, yaimbie maneno haya kwa mapigo 68 bila ala, ukirudia na kubadilisha kidogo kila mara, mpaka yale ya utotoni yasitambulike tena. Noti ya juu iache pale pale kwenye “taa”. Ukifika hapo nirekodie tena kwa simu, sauti peke yake, nami nitakuandikia kodi zake (chords) za kinanda.